Kurt Lewin na Nguvu ya Kikundi: Tathmini kwa Ajili ya Huduma ya Usharika

Utangulizi

Mchungaji aliyehudumu usharikani hata kwa miaka michache hulifahamu swali hili, ingawa pengine halitamki mbele ya watu: kwa nini washarika husikia mahubiri, huyakubali, huyasifu mlangoni wakati wa kuagana, kisha hurejea katika desturi zilezile walizokuwa nazo jana? Jibu la haraka ni kwamba moyo wa mwanadamu ni mgumu, na kwamba Neno hufanya kazi kwa wakati wake Mungu. Jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo, mara nyingine hutumika kama pazia la kufunika jambo ambalo lingefaa kuchunguzwa, yaani: namna ya kuwakusanya watu na kusema nao ina sehemu gani katika kubadilika au kutobadilika kwao?

Kurt Lewin (1890–1947) alilichunguza swali kama hilo akiwa nje ya Kanisa. Ni mmoja wa waasisi wa saikolojia ya jamii, elimu inayotafuta kujua jinsi mtu anavyofikiri na kutenda akiwa miongoni mwa wenzake. Jina lake halitajwi mara nyingi katika masomo ya theolojia ya utendaji, lakini desturi ya kuwagawa washiriki wa semina katika vikundi vya majadiliano, na imani kwamba watu hushika zaidi yale waliyoyaamua wenyewe, zinadaiwa kwa sehemu kubwa na kazi yake. Yafaa basi tumjue mtu huyu, tupime alichokiona, na tuseme wazi mahali anapopungukiwa.

Hoja yetu ni hii: Lewin aliona sawasawa kwamba mtu habadiliki akiwa peke yake. Lakini hakutuachia kipimo cha kutosha cha kupambanua badiliko jema na badiliko baya. Na bila kipimo hicho, nguvu aliyoionyesha yaweza kumtumikia bwana yeyote.

Maisha yake

Lewin alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 huko Mogilno, mji mdogo uliokuwa wakati huo katika jimbo la Posen la Prussia, na ambao leo uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye duka dogo na shamba. Mwaka 1905 familia ilihamia Berlin. Kijana huyo alianza kusoma udaktari Freiburg, akaenda München kusoma biolojia, kisha akarudi Berlin kujifunza falsafa na saikolojia chini ya Carl Stumpf. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 aliingia katika jeshi la Ujerumani, akapigana na kujeruhiwa.

Mwaka 1917 alichapisha makala fupi juu ya sura ya nchi wakati wa vita. Alieleza kwamba kwa msafiri wa wakati wa amani nchi hutandaa pande zote kwa namna moja. Lakini kwa askari anayekaribia mstari wa mbele, nchi ileile hupata mwelekeo: ina mbele na nyuma, ina mahali pa hatari na mahali pa kujificha. Kilima hakijahama, ila anayekitazama yumo katika hali nyingine. Wazo hilo ndilo mbegu ya kazi yake yote ya baadaye.

Katika miaka ya 1920 alifundisha Berlin pamoja na Wolfgang Köhler na Max Wertheimer. Januari 1933, Hitler aliposhika madaraka, Lewin alikuwa nje ya nchi baada ya kufundisha kwa muda Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Sheria ya Aprili mwaka huo iliwaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali, ingawa mwanzoni iliwaachia nafasi wale waliopigana katika mstari wa mbele. Lewin angeweza kujikinga kwa kipengele hicho. Hakutaka. Alimwandikia Köhler barua akieleza kwa nini Myahudi hawezi tena kuishi katika nchi ile, akahamia Marekani. Alifundisha Cornell kwa miaka miwili, kisha Iowa kuanzia mwaka 1935. Mwaka 1940 alipata uraia wa Marekani, na karibu na mwisho wa vita akaanzisha kituo cha utafiti wa mwenendo wa vikundi katika chuo cha MIT. Mama yake hakuokoka. Aliuawa katika kambi ya mauaji ya Wanazi. Lewin mwenyewe alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo Februari 1947, akiwa na umri wa miaka 56.

Msomaji wa Kilutheri hawezi kuisoma historia hii kama mtazamaji wa mbali. Septemba 1933, mwaka uleule Lewin alipoondoka, sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Prussia, lililowaunganisha Walutheri na Wareformati, ilipitisha kanuni ya kuwazuia watu wa asili ya Kiyahudi wasishike utumishi wa Kanisa. Walikuwapo waliopinga, na Azimio la Barmen la mwaka 1934 ni ushuhuda wa upinzani. Lakini wengi waliokaa katika sinodi ile walikuwa wamebatizwa, wamefundishwa katekisimu, na wamesikia Injili tangu utoto. Kikundi kiliamua, nao wakaenda na kikundi. Tutalirudia jambo hili.

Mtu na uwanja wake

Fundisho kuu la Lewin ni kwamba tendo la mtu hutokana na mtu mwenyewe pamoja na mazingira yake, vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa mazingira hakuwa na maana ya nyumba na barabara tu, bali hali nzima kama mtu huyo anavyoiona: wanaomtegemea, wanaomcheka, anachokiogopa, anachokitarajia. Hali hiyo aliiita uwanja. Ndani ya uwanja kuna nguvu zinazomsukuma mtu kuelekea jambo, na nguvu nyingine zinazomzuia. Desturi hudumu kwa sababu nguvu hizo zimelingana.

Kutoka hapo Lewin alitoa fundisho ambalo kila mhubiri angepaswa kulitafakari. Kuna njia mbili za kuleta badiliko: kuongeza nguvu inayosukuma, au kupunguza nguvu inayozuia. Njia ya kwanza huzidisha mkazo ndani ya mtu, na mkazo ukizidi huzaa hasira au uchovu. Njia ya pili huacha mkazo ukiwa mdogo. Chukua mfano wa mshariki mlevi. Kila Jumapili anaonywa. Anajua kwamba ulevi ni dhambi, hakuna anayebisha. Lakini jioni, watu pekee wanaomwita kwa jina na kumpa kiti ni wale wa kilabuni. Onyo la nne halimwongezei maarifa. Linamwongezea aibu, na aibu inamrudisha kwa wale wasiomwonea haya. Lewin angeuliza: nani mwingine katika usharika amempa kiti?

Vilabu vya watoto

Mwaka 1938 na 1939, Lewin pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White walifanya majaribio yaliyompatia sifa. Katika jaribio la kwanza, vilabu viwili vya watoto watano watano, wenye umri wa miaka 10 na 11, viliwekwa kutengeneza vinyago vya kuigizia. Klabu moja iliongozwa kiimla: kiongozi aliamua kila hatua, akasifu na kulaumu apendavyo, wala hakueleza lengo la mbali. Ya pili iliongozwa kidemokrasia: kazi ilijadiliwa, na watoto walichagua wenzi wao wa kazi. Uhasama kati ya watoto ulionekana mara 30 zaidi katika klabu ya kiimla. Tena haukuelekezwa kwa kiongozi. Ulimwangukia mwenzao mmoja hata akaacha kuja. Kisha ukamgeukia mwingine.

Katika jaribio la pili vilabu vilikuwa vinne, vya wavulana watano kila kimoja, na viongozi walibadilishwa kila baada ya majuma sita. Hapo iliongezwa namna ya tatu ya uongozi, ya kuwaachia watoto wajiendee tu. Uongozi wa kiimla ulizaa mambo mawili: ama ugomvi, ama utii wa kimya usio na furaha. Kiongozi wa kiimla alipotoka chumbani, kazi ilizorota. Wa kidemokrasia alipotoka, kazi iliendelea. Wavulana 19 kati ya 20 walisema walimpenda zaidi kiongozi wa kidemokrasia kuliko wa kiimla.

Kanisa lina sababu ya kusikiliza. Wako wanaopima uongozi kwa utulivu wa kikao: hakuna aliyepinga, basi mambo ni mema. Watoto wa Iowa wanatuonya kwamba kimya chaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Na usharika ambamo washarika hawawezi kumwambia mchungaji neno, mara nyingi hutafuta mnyonge wa kumbebesha hasira: mjane anayesingiziwa uchawi, binti aliyepata mimba, familia iliyohamia kutoka mbali.

Figo, moyo na akina mama wa nyumbani

Jaribio lililo karibu zaidi na swali letu la mwanzo lilifanyika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Serikali ya Marekani ilitaka familia zile zaidi nyama za ndani, kama moyo, figo na tezi, ili nyama nyingine ipatikane kwa ajili ya vita. Msomaji wa kwetu atashangaa kwamba figo na moyo vilihitaji kampeni. Lakini akina mama wengi wa Marekani walivikataa kwa kinyaa. Lewin alichukua vikundi sita vya akina mama wa Msalaba Mwekundu, kila kimoja kikiwa na watu kati ya 13 na 17. Vitatu vilipewa mhadhara mzuri: afya, uzalendo, gharama, na namna ya kupika. Vitatu vingine viliongozwa katika majadiliano juu ya vizuizi vyenyewe, yaani harufu, kinyaa, na malalamiko ya mume, kisha wakaulizwa kwa kuinua mikono nani angejaribu. Kila kikundi kilipata dakika 45 tu.

Baadaye waliulizwa walichopika. Kati ya waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu walikuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kuipika kabla. Kati ya waliojadiliana na kuamua, walikuwa asilimia 32.

Lewin alieleza tofauti hiyo hivi: msikilizaji wa mhadhara, hata akiwa katika ukumbi uliojaa, yuko peke yake. Hajui jirani yake anawaza nini, naye huogopa kutengana na desturi ya wenzake. Lakini kikundi kikiamua pamoja, desturi yenyewe husogea, na mtu husogea nayo. Kwa hiyo Lewin alilifananisha badiliko na kitu kilichoganda: kwanza kiyeyushwe, kisha kisogezwe, halafu kigandishwe upya mahali papya. (Wanahistoria wa elimu hii wameonyesha katika miaka ya karibuni kwamba mfano huo mfupi ulikuzwa na wafuasi wake kuliko yeye mwenyewe.)

Tathmini

Kwanza, ushahidi wenyewe. Tarakimu za 3 na 32 zimenukuliwa mara nyingi kana kwamba zimefunga mjadala. Hazijaufunga. Akina mama waliojadiliana waliambiwa kwamba watafuatiliwa baadaye. Waliosikiliza mhadhara hawakuambiwa. Tena, mambo mengi yalichanganywa katika jaribio moja: majadiliano, uamuzi, kuinua mikono hadharani, na kuwaona wengine wakikubali. Utafiti wa Edith Bennett uliochapishwa mwaka 1955 uliyatenganisha mambo hayo, ukaona kwamba lililokuwa na nguvu ni tendo la kuamua pamoja na kutambua kwamba wenzako wamekubali. Majadiliano yenyewe, au kuinua mkono mbele ya watu, havikuonekana kuwa vya lazima. Hili lina uzito kwetu. Kuwagawa washarika katika vikundi vya mazungumzo hakubadilishi kitu ikiwa hakuna linaloamuliwa. Wala kuwaita watu wasimame mbele si dhamana ya badiliko.

Pili, uhuru wa watu. Akina mama wa Iowa walijadiliana kwa uhuru, lakini swali lilikuwa limekwisha kuandikwa na wengine. Hakuna aliyewauliza kama figo ndilo tatizo lao. Mbinu hiyohiyo ilipelekwa katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, Marion, Virginia, ambapo wafanyakazi walishirikishwa katika kupanga kazi yao na uzalishaji ukapanda. Ni jema mfanyakazi akisikilizwa. Lakini kumshirikisha mtu ili akubali kilichokwisha kuamuliwa ni kumfanya chombo. Miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz na watafiti wenzake nchini Tanzania walifanya utafiti shirikishi uliotaka wanakijiji wenyewe washiriki katika kulitaja tatizo, si katika kulitekeleza suluhisho tu. Hiyo ni hatua mbele ya majaribio ya Iowa. Nasi hatuna budi kuuliza juu ya kila warsha ya dayosisi: je, washarika waweza kuamua kinyume na karatasi iliyoletwa? Kama hawawezi, ni afadhali mchungaji aseme waziwazi kwamba anatoa agizo. Agizo la wazi humheshimu mtu kuliko ushirikishwaji wa bandia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kipimo cha kikundi chenyewe. Hapa Maandiko yanatupa mfano ulio sawa kabisa na jaribio la Lewin, maana nao unahusu chakula. Katika Matendo 10 Petro anafundishwa kwa maono kwamba asikiite najisi alichokitakasa Mungu. Mafundisho bora zaidi hayapatikani. Lakini katika Wagalatia 2 tunamkuta Antiokia: alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, kisha walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akajitenga, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Maarifa ya Petro hayakupungua. Uwanja wake ulibadilika. Lewin angeieleza sura hiyo vizuri kuliko wafafanuzi wengi.

Lakini sura haikomi hapo. Paulo anasimama mbele ya wote na kumpinga Petro. Kikundi kizima kimesogea upande mmoja, na mtu mmoja anakirudisha kwa neno ambalo kikundi hakikulitunga. Kwa kipimo gani? Anasema hawaenendi sawasawa na ukweli wa Injili. Hapo ndipo nadharia ya Lewin inanyamaza. Inaweza kutuambia jinsi kikundi kinavyomsogeza mtu. Haiwezi kutuambia mahali ambapo kikundi chenyewe kinapaswa kwenda. Lewin aliamini demokrasia, na aliiamini kwa moyo wa mtu aliyeona kinyume chake. Lakini imani hiyo aliileta kutoka nje ya jaribio, jaribio halikumpa. Nguvu iliyowapikisha akina mama figo ndiyo iliyoinua mikono katika sinodi ya mwaka 1933. Utaratibu ulifuatwa, kura zilipigwa, uamuzi ulikuwa wa pamoja, nao ulikuwa dhambi.

Mapokeo yetu ya Kilutheri yana neno kwa pande zote mbili. Luther alisisitiza kwamba Neno hutujia kutoka nje yetu. Haliinuki kutoka moyoni mwa mtu, wala halizaliwi kwa makubaliano ya kikao. Kwa hiyo mimbari haiwezi kubadilishwa kuwa meza ya majadiliano. Lakini Luther huyohuyo, katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537, alipohesabu njia ambazo Injili hutufikia, hakuishia kwenye mahubiri, ubatizo, Meza ya Bwana na kuondolewa dhambi. Aliongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Njia hiyo ya mwisho mara nyingi imeachwa bila matumizi. Ndugu wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki waliitumia kwa nguvu katika mikutano yao ya ushirika, pamoja na hatari yake: mtu aweza kuungama ili akubalike na kikundi kuliko ili asamehewe.

Hitimisho

Lewin aliwahi kuandika, kwa ajili ya Wayahudi wenzake, kwamba kinachowafanya watu kuwa kikundi ni kutegemeana katika jaliwa lao kuliko kufanana kwao. Mwanafunzi wa 1 Wakorintho 12 atalitambua wazo hilo: mkono haufanani na jicho, ila kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho. Lewin alilijua jambo hilo kwa gharama ambayo wasomaji wake wengi hawakuilipa.

Basi mchungaji na amsome kwa shukrani na kwa macho mawili. Ahubiri, maana bila Neno linalotoka nje kikundi hujisikiliza chenyewe. Na baada ya kuhubiri asidhani kwamba kazi imekwisha mtu anapoitikia amina akiwa peke yake katika benchi lililojaa. Awakusanye washarika katika jumuiya ndogo, wataje vizuizi vyao bila woga, waamue jambo moja linalotendeka, na wakutane tena kuulizana. Kama jambo walilokubaliana ni kwamba mzee fulani atampitia yule mlevi jioni na kumpa kiti, uamuzi huo umekwisha kuuondoa mzigo mmoja katika uwanja wake. Na pale jumuiya nzima itakapokubaliana kumtenga mnyonge, mchungaji awe tayari kusimama kama Paulo pale Antiokia, hata akiwa peke yake.